Swali la Kumi na Nne

Siku ya kuniaga mlinunua keki, mkanipa saa ya ukutani, na mmoja wenu akasema Mwalimu aandike yale aliyoyaona kazini ili wanaokuja nyuma wasianze na sifuri. Nilisema nitaandika. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni na sikuwa na nafasi ya kubisha. Miezi imepita na sijaandika neno. Ila juzi kuna jambo lilitokea kliniki, limenikalia vibaya, na linawahusu ninyi kuliko mtu mwingine. Vyeo na mishahara sitagusa. Mnajua ilivyokuwa, na wasiojua hawatafurahi wakijua.

Kabla ya utafiti nilikuwa muuguzi. Nimechanja watoto, nimezalisha akina mama, nimeshona watu waliokatana mapanga kwa sababu ya mpaka wa shamba. Wazee walikuwa wanakuja na kukaa benchi ya mwisho, kimya, na zamu yao ikifika tunawaambia hayo ni mambo ya uzee, tunawapa dawa ya maumivu, tunawarudisha nyumbani. Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Mradi wa utafiti ulipoingia Meru na Embu kutafuta watu wa kuchunguza jinsi wazee wanavyohudumiwa, na nini kibadilike ili vituo viwafae, nikaomba kazi. Ningependa kuwaambia kwamba ni dhamiri iliyonisukuma. Dhamiri ilikuwepo kidogo, lakini zaidi nilikuwa nimechoka na zamu.

Siku ya kwanza nilitumwa Ruiri, karibu na kwetu, nikiwa na kiti cha plastiki, utepe wa kupimia, saa ya kubonyeza na ubao wa kuandikia. Kipimo chenyewe mnakijua. Mzee ainuke kwenye kiti, atembee mita tatu, ageuke, arudi akae, na wewe unahesabu sekunde. Akichelewa, unaandika kwamba yuko katika hatari ya kuanguka. Mzee wangu wa kwanza aliinuka vizuri, akaenda mita mbili, akamwona jirani yake kwenye dirisha la dawa. Akasimama. Akamsalimia, akauliza mke, akauliza ng'ombe, akauliza kama upande ule mvua imefika. Saa yangu ilikuwa inaendelea tu. Kwa hesabu ya ile saa, mzee yule hangeweza kuvuka barabara, na asubuhi hiyo alikuwa amekuja Ruiri kwa miguu akivuta ndama. Niliporudia kipimo alisimama tena, safari hii kumuaga jirani.

Halafu kulikuwa na lile swali la kwanza kwenye fomu: jambo gani ni muhimu zaidi kwako kwa sasa? Walioliweka walikuwa na nia nzuri. Walitaka matibabu yaanze na kile mzee mwenyewe anachokitaka, sio kile tunachodhani anakitaka. Visanduku vya majibu vilikuwa maumivu, kutembea, familia na mengineyo. Wazee wa huko kwetu Buuri walinijibu mvua. Mmoja baada ya mwingine, mvua. Niliweka alama kwenye mengineyo wiki nzima, na ofisini Embu wakaniuliza kama nimelielewa swali.

Baadaye nikahamishiwa Mbeere, nikipewa eneo la Gachoka na kushuka chini hadi karibu na Kiambere. Huko ndiko nilikofundishwa kazi, na aliyenifundisha hakuwa na cheti chochote cha utafiti. Mama Rwamba alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mama mfupi wa sauti ya chini, ambaye alikuwa akiingia boma lolote bila mbwa kubweka. Kimeru changu na Kimbeere chake tulivipatanisha njiani, pale tuliposhindwa tunatumia Kiswahili. Siku ya tatu aliniambia nauliza maswali kama karani wa sensa. Alinikataza kutoa fomu kabla sijaketishwa na kupewa kitu cha kunywa. Alinikataza pia kumsimamia mzee kichwani. Kama amekaa kwenye kigoda, tafuta kigoda. Kama hakuna, chuchumaa, magoti yalie yakitaka.

Kuna tabia yake moja ambayo sikuielewa. Fomu yetu ilitaka mlezi wa mzee awepo wakati wa mahojiano, na mara nyingi mlezi ni mke wa mtoto wake, maana mabinti wameolewa na wana wako Embu mjini au Nairobi. Sawa, mlezi anakaa. Lakini tukifika swali la kumi na mbili hivi, Mama Rwamba angemgeukia yule mwanamke na kumwambia kwa upole, "Mama, si utuchemshie chai kidogo?" Mwanamke anaondoka, kuni zinavunjwa huko jikoni, na sisi tunaendelea. Hata kama tumetoka kunywa chai boma la jirani, lazima aombe. Mimi nilidhani mama yule anapenda chai tu. Nilikuwa hata namtania.

Sasa nifike kwa Mzee Njeru, na hapa sitafuti huruma yenu.

Alikaa upande wa chini wa Gachoka, kwenye mteremko, mjane, mwenye mwili mkavu na mzaha mwingi. Aliishi boma moja na mwanawe, ambaye kazi yake ilimrudisha nyumbani mwisho wa mwezi tu, na mke wa huyo mwana, Wawira, mwanamke wa adabu sana. Presha ya mzee ilikuwa juu na kituo kilikuwa kimeshamwanzishia dawa, ikiwemo ile tembe inayotoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Nilikwenda kwake mara ya kwanza peke yangu, kwa sababu siku hiyo Mama Rwamba alikuwa kwenye mazishi. Nilikuwa na maboma mengine matatu ya kumaliza na jua lilikuwa kali.

Mzee alinipa kigoda. Wawira akakaa kwenye ngazi ya mlango na mtoto mapajani, kama fomu ilivyotaka. Nilipouliza jambo muhimu kwake, Njeru hakusema mvua. Alisema anataka kuendelea kushuka mwenyewe kwa mbuzi wake kila asubuhi, zizi liko chini ya shamba la muguka, ile miraa ya kutafuna majani, na asije akawa mtu wa kubebwa. Nikafurahi, kwa mara ya kwanza nimepata jibu lenye kisanduku. Nikaweka alama kwenye kutembea, nikaendelea mbio. Swali la kumi na nne nililisoma lilivyoandikwa: je, unaenda haja ndogo mara nyingi kuliko kawaida, au mkojo hukutoka kabla hujafika chooni?

Mzee aliangalia mbuzi kule chini. Akasema hapana. Nikaandika hapana, nikaenda swali la kumi na tano.

Mimi ni Mmeru. Baba yangu hangeweza hata kukohoa kwa nguvu mbele ya mke wangu. Kwetu na kwao ile haya ya heshima kati ya mzee na mke wa mwanawe ni kitu unachonyonya na maziwa, hakuna anayekufundisha. Nyumbani nisingeuliza vile hata kwa kulazimishwa. Lakini nilikuwa na kibeji kifuani na ubao mkononi, na mtu akishavaa kibeji anasahau alikozaliwa. Hata sijui kama nilisahau. Nadhani nilikuwa nimechoka tu na nikataka jibu fupi.

Ukweli, ambao nilikuja kuujua baadaye, ulikuwa huu. Ile tembe ilimfanya aende haja ndogo kila mara asubuhi yote, na wakati mwingine hakufika. Choo kilikuwa nyuma ya jiko la Wawira. Kila akienda lazima apite mlangoni pake, akirudi apite tena, na siku nyingine suruali imelowa. Akaacha kuimeza. Kwa kuwa tulikuwa tunahesabu vidonge kila tukirudi, alikuwa anatoa kimoja kila asubuhi na kukitia kwenye kikopo chake cha ugoro. Hesabu yetu ikatoka sawasawa, mwezi baada ya mwezi, na mimi nikamsifu kwa kutumia dawa vizuri.

Presha ikabaki juu. Tabibu wa kituo, kijana mzuri asiye na kosa hapa, akaangalia karatasi yangu, akaona dawa inamezwa na hakuna shida ya mkojo. Akaongeza kipimo. Haikushuka, akaongeza dawa nyingine juu yake. Mwishowe tukakaa, mimi na yeye, tukaamua kwamba labda mzee anasahau, na mimi ndiye nilitoa wazo kwamba Wawira amsimamie. Nilikwenda nikamweleza. Kila asubuhi umpe maji, umpe dawa, umwangalie hadi ameze. Alinishukuru sana kwa kumwamini.

Njeru angefanya nini? Hangeweza kumkatalia, kama vile hangeweza kumwambia. Akameza. Dawa zote kwa pamoja, kipimo kamili, kwenye mwili ambao haukuwa umeizoea ile tembe. Presha ikaporomoka, kichwa kikawa chepesi, na mkojo ukawa haumpi nafasi. Badala ya kupita mlangoni pa jiko alianza kushuka kwenye muguka kila aliposhikwa, ajifanye anaenda kwa mbuzi. Asubuhi ya nne akaanguka kwenye kontua, ule mtaro wa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mwanamke jirani aliyekuwa anachuma muguka ndiye alimsikia. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Mama Rwamba alinipigia simu, nikaenda kumwona hospitalini. Alikuwa amelala chali, amekuwa mdogo. Nilianza maneno yale ya kazini, pole mzee, ilikuwaje, ulihisi kizunguzungu? Aliniacha nimalize yote. Kisha akaomba nisogee karibu, na akasema polepole, bila hasira.

"Daktari, uliniuliza mbele ya mke wa mtoto wangu. Ulitaka nikujibu nini?"

Akaniambia mahali kikopo kilipo, kwenye ukuta wa zizi la mbuzi, nyuma ya jiwe. Nilikwenda na Mama Rwamba nikakitoa. Vidonge vilikuwa vimegeuka rangi kwa ugoro, vimejaa hadi mfuniko haukufunga vizuri. Nilikaa pale kwenye zizi nikalia, na mbuzi wananiangalia. Mama Rwamba alisimama pembeni hadi nilipomaliza. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba ndiyo maana yeye huomba chai.

Njeru alirudi nyumbani lakini hakutembea tena. Na mnajua aliyemhudumia ni nani. Ni Wawira aliyemgeuza, aliyemwosha, aliyebeba beseni. Mwana alipokuja mwisho wa mwezi alisaidia, lakini mwisho wa mwezi ni siku mbili. Jambo ambalo mzee alificha dawa kwa ajili ya kulikwepa ndilo tulilomletea, kila siku, hadi alipofariki msimu wa mvua fupi uliofuata. Wawira aliniambia siku ya mazishi kwamba baba alikuwa akifunika uso kwa blanketi kila akiingia. Akasema, "Si mngeniambia tu nitoke? Ningetoka." Hilo nimekaa nalo miaka yote hii na sijui la kulifanyia.

Nilipeleka kikopo Embu kwenye kikao. Nilikiweka mezani katikati ya chupa za maji, harufu ya ugoro ikajaa chumba. Wakubwa wetu walikuwa watu wa kusikiliza, nisiwasingizie. Mmoja alisema hilo ni tukio la mtu mmoja. Mwingine akauliza dakika za ziada zitatoka wapi, maana mahojiano tayari ni marefu. Nikawaambia chai inachukua dakika kumi, na katika dakika hizo kumi Mama Rwamba amepata majibu ambayo mimi sikuyapata kwa mwaka. Walicheka, kisha wakakubali. Fomu ikaongezwa mstari kabla ya swali la kumi na mbili: mlezi ameondoka, ndiyo au hapana. Ukiandika hapana huruhusiwi kuendelea. Kama mtaniuliza nimefanya nini katika utafiti, nimefanya mstari mmoja.

Majibu yalibadilika. Wazee waliokuwa na "hapana" tangu mwanzo wakaanza kusema mambo. Kuanguka walikokuficha, dawa walizoacha, mkojo, huzuni, mmoja wa Kiambere akasema haoni tena na amekuwa akikariri njia ya kwenda kanisani. Kazi ikawa nzito zaidi kwa sababu ukishasikia huwezi kusema hukusikia. Mama Rwamba aliendelea kuomba chai hata mstari ulipokuwepo. Alisema mstari ni wenu, chai ni yake. Alipostaafu nilimnunulia majani ya chai pakiti mbili kubwa na hakucheka hata kidogo.

Halafu zikaja tableti. Fomu ikahamishwa kutoka karatasi, maswali yakapangwa upya, na kijana wa kompyuta, ambaye hajawahi kuona boma la Mbeere, akaondoa kila kitu ambacho si swali kwa mgonjwa. Mstari wangu haukuwa swali kwa mgonjwa. Ulitoka. Hakuna aliyeona, na mimi msiniulize, maana sikuona pia. Wakati huo nilikuwa ofisini nawafundisha ninyi, na nilikuwa nawaambia kwa mdomo: mlezi atoke. Mliandika kwenye madaftari. Niliwaona mkiandika. Nilidhani hiyo inatosha, nikahesabu siku zangu, nikala keki.

Sasa jambo la juzi. Presha yangu imekuwa juu tangu mwaka jana, na kati ya dawa zangu imo ile tembe ya maji. Nahudhuria kliniki moja hapa Buuri ambayo pia iko kwenye mradi, na kwa kuwa nimetimiza miaka sitini, nimeingia kwenye orodha. Nilipelekwa na Makena, mke wa mwanangu Mwenda, ambaye ananitunza kuliko ninavyostahili. Alibeba kadi yangu, alinishika mkono kwenye ngazi ingawa sikuhitaji, akakaa kando yangu. Mwenye tableti alikuwa Kendi. Kendi wetu, niliyemfundisha kuchuchumaa. Alifurahi kuniona hadi akasimama.

"Mwalimu! Leo ni mimi nakuuliza."

Nikamwambia aulize. Nje kulikuwa na foleni hadi mlangoni, na nilimwona anavyoiangalia kwa jicho la pembeni, nikamhurumia, maana jicho hilo ni langu. Alinipima vizuri, mkono kwenye meza, miguu chini, bila kunisemesha. Kwenye kile kipimo cha kiti nilijitahidi nisisalimie mtu. Akafika swali la kumi na mbili, nikangoja. Nikasema moyoni, sasa atamwambia Makena atoke. Akaenda la kumi na tatu. Makena alikuwa anaangalia mikono yake. Ningeweza kumtuma mwenyewe, kwamba mama niletee maji ya kunywa hapo dukani. Nilifungua mdomo nikaona maji yapo hapo hapo kwenye meza, chupa nzima. Nikafunga.

Swali la kumi na nne Kendi alilisoma lilivyoandikwa. Nimelisoma mwenyewe mara nyingi sana, nalijua hadi koma. Niliangalia dirishani ambako hakukuwa na kitu isipokuwa ukuta.

Nikasema hapana.

Akabonyeza, akaenda la kumi na tano. Tabibu akaangalia presha yangu, akaona bado iko juu, akaangalia tableti, akaongeza kipimo cha ile tembe ya maji. Makena akamuuliza kama anafaa kunisimamia nikimeza, na tabibu akamsifu kwa wazo hilo. Njiani kurudi alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kazi ya maana. Tangu hapo kila asubuhi anakuja na bilauri. Mimi naweka kidonge chini ya ulimi, nakunywa maji, nangoja aondoke nikiteme. Jana nilitafuta mahali pa kuvificha nikajikuta nimeshika kikopo cha kahawa, nikakaa kitandani nikaanza kuwaandikia haya.

Kwa hivyo haya ndiyo niliyoyaona kazini. Rudisheni ule mstari. Msingoje kikao, kikao kitauliza dakika. Na wewe Kendi, usijilaumu sana, foleni ilikuwa ndefu na mwalimu wako alikuwa amekaa hapo na mdomo wake. Rekodi yangu bado iko wazi hadi mwisho wa mwezi, najua mfumo unavyofanya kazi. Ifungue. Swali la kumi na nne, futa hapana, andika ndiyo, tangu mvua ndefu. Tembe ya maji simezi, niliiacha hata kabla ya siku ile ya kliniki, wiki ya tatu sasa. Mwambie tabibu leo. Halafu njoo nyumbani mwenyewe tuongee, na ukifika, kabla hujaketi, mwombe Makena chai.